Tarehe ya Cornbread, Mwanzilishi wa Maandishi ya Kuta za Philadelphia

Ukiuliza asili ya maandishi ya kuta, haya ambayo siku hizi yanaitwa grafiti kila mahali, wengi watakujibu New York, na ukizidi kuwauliza watamtaja Taki 183. Jibu hilo limekaririwa vitabuni na kwenye filamu hata limekuwa kama sheria. Lakini si la kweli, na tarehe hii inaandikwa ili haki irudi kwa mwenyewe. Asili ni Philadelphia, mji wa Pennsylvania ulio mwendo wa kilomita 150 hivi kutoka New York, na mwanzilishi ni Darryl McCray, aliyezaliwa mwaka 1953, ambaye kuanzia mitaa ya kaskazini hadi katikati ya mji alijulikana kwa lakabu ya Cornbread, yaani mkate wa mahindi. Sisemi kwamba ndiye mtu wa kwanza kuandika ukutani. Mtu huyo hajulikani na hatajulikana. Nasema ndiye aliyelifanya jina la mtu mmoja, pasipo ujumbe wala genge nyuma yake, liwe ndiyo kazi yenyewe, akalitandaza mji mzima kwa makusudi, na wengine wakamfuata huku wakijua wanamfuata nani. Hiyo ndiyo maana ya kuasisi.

Habari ya lakabu yake ni hii, na wenyeji huisimulia bila kutofautiana sana. Mwaka 1965, akiwa na miaka 12, Darryl alipelekwa katika shule ya maadilisho ya vijana pale Philadelphia. Alikuwa amezoea mkate wa mahindi wa bibi yake, chakula ambacho Wamarekani weusi walihama nacho kutoka majimbo ya kusini walipokwenda kutafuta kazi katika viwanda vya kaskazini. Kule shuleni hakukuwa na mkate huo, na mtoto hakukubali. Kila siku alimwendea mpishi akimtaka apike mkate wa mahindi kama wa bibi, hadi mpishi akachoka, akampeleka kwa msimamizi na kusema kwamba huyu Cornbread asimwone tena jikoni kwake. Wenzake wakasikia, wakacheka, na jina likamganda. Mtoto mwingine angelikasirikia. Yeye alilipenda, akaanza kuliandika: ukumbini, chooni, kanisani, kwenye chumba cha kupokea wageni, kila mahali penye nafasi, mpaka wakubwa wa pale wakaanza kudhani ana maradhi ya akili. Maradhi hakuwa nayo. Alikuwa amegundua kwamba mtoto asiye na mali wala nguvu anaweza kuwa na kitu kimoja cha kutazamwa na wote, nacho ni jina lake.

Kuta za shule ile zilikuwa tayari zimeandikwa, na hapa ndipo penye hoja. Yaliyokuwapo yalikuwa majina ya magenge. Vijana wa Philadelphia wa miaka ile walikuwa wameugawa mji kwa kona za barabara. Genge lilijiita kwa kona yake, na jina lake ukutani lilikuwa mpaka, kama jiwe la mpaka wa shamba. Aliyeliandika hakujitaja yeye; alitaja kundi, na hakuliandika mbali na kwao ila kwa uchokozi. Mwaka 1974 wanajiografia wawili, David Ley na Roman Cybriwsky, walitoa makala juu ya maandishi ya kuta za Philadelphia katika jarida la chama cha wanajiografia wa Marekani, na walilazimika kuyagawa mafungu mawili: maandishi ya magenge, ambayo mtu angeweza kuyatumia kuchora ramani ya nani anatawala wapi, na maandishi ya wale waliowaita wafalme, watu waliotembea peke yao wakavuka mipaka yote na kuacha jina lao popote. Fungu hili la pili halikuwapo kabla ya Cornbread. Wataalamu wale hawakuwa wanamtafutia mtu sifa. Walikuwa wakisoma kuta zilivyo, na walichokikuta ndicho ninachokidai.

Wapo watakaosema kuandika ukutani ni kwa kale mno, na watataja Pompeii, ambako Warumi waliacha mapenzi na matusi yao kwenye lipu. Kwetu pwani nako hatuna haja ya kwenda mbali: nenda Gede, nenda Takwa, nenda Kilwa, uone michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwenye kuta za majumba na misikiti, matanga na kamba zake vikiwa vimechorwa na mtu aliyejua kusafiri. Hayo yote ni kweli. Lakini mkwaruzaji wa Gede alichora jahazi, si nafsi yake, na wala hakuzunguka pwani nzima akilirudia. Wengine watamtaja Kilroy, yule ambaye askari wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili walimwandika kila bandari na kila kambi. Kilroy anathibitisha hoja yangu badala ya kuivunja, kwa sababu Kilroy hakuwa mtu. Aliandikwa na mikono maelfu, na askari yeyote angeweza kumwandika asiulizwe. Cornbread ulikuwa mkono mmoja. Mtu mwingine akiandika Cornbread ameiba. Vijana wenye asili ya Meksiko wa Los Angeles nao walikuwa na maandishi yao ya miaka mingi, yenye herufi nzuri sana, lakini yalisimama upande wa kundi na mtaa, kama ya magenge ya Philadelphia. Kwa hiyo anayeleta ukale kuwa hoja amejibu swali ambalo halikuulizwa.

Alipotoka shule ile, kijana aliingia shule ya kawaida na akampenda msichana aitwaye Cynthia. Hakuwa na maneno ya kumwambia, basi akaandika kwamba Cornbread anampenda Cynthia, akaandika njia yote ambayo msichana angepita. Hii ilikuwa mwaka 1967. Mapenzi yale hayakudumu, lakini mkono ulikuwa umezoea, na sasa jina likaendelea peke yake, bila Cynthia. Vifaa vyake vilikuwa kalamu nene za wino na kopo la rangi ya kupuliza, kitu ambacho Edward Seymour wa Illinois alikibuni mwaka 1949, wala hakuna aliyetarajia kingefika kwenye mikono hii. Kopo lilibadilisha kila kitu. Brashi inataka ndoo, inataka kusimama. Kopo linaingia ndani ya koti, na mtu anaweza kuandika jina la herufi tisa kwa muda wa pumzi chache, mkono ukitoka begani na si kwenye kifundo, ndiyo maana herufi zake zilikuwa kubwa na za mfululizo. Juu ya jina aliweka taji. Alifuata njia za mabasi, akizisoma kama mfanyabiashara anavyousoma mji: wapi watu wanasubiri, ukuta upi unaonekana kutoka dirishani, kona ipi haina jina. Kuhusu magenge, wazee wanasema yalimwacha apite, kwa kuwa hakuwa wa genge lolote na kila genge lilifurahi kumwona. Walioandika naye siku zile ni Cool Earl na Kool Klepto Kidd, nao wanastahili kutajwa.

Nisimame hapa niseme habari ya tembo, maana hakuna tarehe ya Philadelphia iliyokamilika bila ya tembo. Gazeti liliwahi kuchanganya majina likaandika kwamba Cornbread amepigwa risasi na kufa. Aliyekufa alikuwa mtu mwingine. Mji ukaomboleza, na wapo walioanza kuandika jina lake kwa kumkumbuka au kwa kulirithi, jambo ambalo mwenye jina hakuweza kulivumilia. Akafikiri afanye nini ili watu wajue kwa yakini kwamba yu hai, kitu ambacho hakuna mwingine angethubutu. Akaenda kwenye bustani ya wanyama ya Philadelphia, akamchunguza tembo kwa siku kadhaa ili amzoee, kisha alfajiri moja akaruka uzio akiwa na kopo lake, akamwandika ubavuni kwamba Cornbread yu hai. Tembo aligeuza kichwa, akamtazama, akatulia. Akamaliza ubavu wa kwanza akahamia wa pili. Alikamatwa, na polisi, badala ya kumkaripia tu, walimtaka awaandikie jina lake. Mara nyingine, Jackson 5 walipotua uwanja wa ndege wa Philadelphia, mji wote ukiwa umekwenda kuwalaki, ndege yao iliondoka ikiwa imebeba jina la Cornbread. Haya ndiyo aliyoyasimulia mwenyewe na walio karibu naye, na ndivyo yalivyopokewa mjini. Ayatazame msomaji kwa makini, kwa kuwa yana jambo zaidi ya ajabu. Mtu anayeandika juu ya tembo haweki mpaka wa mtaa. Anatangaza. Hakuna genge linalomiliki bustani ya wanyama, wala kona yoyote inayoweza kudai ndege inayokwenda mji mwingine.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wenyewe. Tarehe 21 Julai 1971 gazeti la New York Times lilichapisha habari za kijana wa Manhattan mwenye asili ya Kigiriki, tarishi wa kazi yake, aliyekuwa akiandika Taki 183 kwenye vituo vya treni na kuta za mji. Taki ni ufupisho wa jina lake na 183 ni barabara aliyokaa. Habari ile ndiyo iliyowafanya watu waamini kwamba mambo yalianzia pale. Lakini habari yenyewe ilieleza kwamba Taki alikuwa na mtangulizi, Julio 204, na hata tukimhesabu Julio bado hatujarudi nyuma ya Cornbread, aliyekuwa amekwisha kuwa jina la mji mzima wa Philadelphia. Gazeti kubwa halianzishi kitu, linakitangaza. Philadelphia nayo ilikuwa na magazeti yaliyomwandika Cornbread, ila hayakusomwa na dunia. Kuna na ushahidi wa mkono. Katika miaka hiyo kijana mmoja wa Philadelphia alihamia Manhattan na kuandika kwa jina la Top Cat 126. Herufi zake zilikuwa ndefu, nyembamba, zimesimama juu ya vikalio kama nguzo, namna iliyokuwa ngeni New York lakini ya kawaida kabisa Philadelphia. Vijana wa kule walizipenda wakaziiga, wakazipa jina la Broadway Elegant, nao wenyewe hawakuficha zilikotoka. Mwandiko una nasaba kama watu. Fundi wa Lamu anatambua mlango uliochongwa na mwanafunzi wa nani kwa kuutazama ua na mkufu. Vivyo hivyo anayejua herufi anajua kwamba herufi za Broadway zilizaliwa Philadelphia, kando ya mto wa Schuylkill.

Lazima niwe mwadilifu hapa, kwa sababu watetezi wa Philadelphia nao wakati mwingine hupita kiasi. New York haikupewa kila kitu. Kuambatanisha jina na namba ya barabara ni desturi yao, haikutoka kwetu sisi tunaomtetea Cornbread. Treni za chini ya ardhi ni zao vilevile, na treni ndiyo iliyofanya jina litembee badala ya mwandishi kutembea. Phase 2, mwandishi wa New York, alipozivimbisha herufi zikawa kama mapovu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alifanya jambo ambalo Philadelphia haikuwa nalo. Kisha zikaja filamu za Wild Style na Style Wars mwaka 1983 na kitabu cha Martha Cooper na Henry Chalfant, Subway Art, mwaka 1984, na kwa njia hizo herufi za New York zikavuka bahari zikafika London, Paris na Berlin, na baadaye zikafika hata ubavuni mwa matatu za Nairobi, ambazo vijana wanaziita nganya, zikiwa na herufi zile zile nene zilizovimba na kuegemeana. Ninayakubali haya yote. Mtoto anaweza kumpita mzazi kwa umbo na kwa umaarufu. Hawezi kumpita kwa umri.

Kuna pingamizi moja zito kuliko hayo, nalo ni kwamba habari nyingi za Cornbread zimetoka kinywani mwa Cornbread. Ni kweli, na si jambo la kupuuza, hasa kwa mtu ambaye fani yake nzima ilikuwa kujitangaza. Lakini tuangalie nini kinasimama tukimwondoa yeye asiseme neno. Inasimama makala ya mwaka 1974, iliyoandikwa na watu waliokwenda kuzisoma kuta na kukuta wafalme wamekwisha kutawala na wafuasi wengi nyuma yao. Wanasimama waandishi wa Philadelphia wenyewe, ambao ni watu wa husuda kali juu ya majina yao, na bado kizazi baada ya kizazi wamemtaja yeye kuwa wa kwanza. Katika fani hii hakuna anayempa mwenzake ukubwa kwa hisani. Na zinasimama herufi za Top Cat. Habari za tembo zikiondolewa, hoja inabaki palepale, imepungua utamu tu.

Sasa athari yake katika mji, ambayo ndiyo iliyo muhimu kuliko ugomvi na New York. Kwanza, Philadelphia ilishika mwandiko. Miji mingine ilipokimbilia michoro mikubwa ya rangi nyingi, vijana wa Philadelphia waliendelea kuliheshimu jina la mkono mmoja, rangi moja, mpigo mmoja, wakairefusha herufi mpaka ikawa kama mnazi, wakaibana na kuipinda mpaka mgeni asiweze kuisoma. Watu wa nje huona mikwaruzo tu. Mwenyeji anasoma jina, anajua mwandiko ni wa mtaa upi na nani alimfundisha nani. Mwandiko unaofundishwa kwa kutazama mkono wa mkubwa, kama vile watoto wa chuoni wanavyofundishwa kuandika ubao, hauwezi kudumu miaka 50 bila mwalimu wa kwanza, na mwalimu huyo tumekwisha kumtaja.

Pili, aliulazimisha mji ujibu. Wilson Goode alipokuwa meya Januari 1984, Mmarekani mweusi wa kwanza kushika cheo hicho Philadelphia, kuta zilikuwa zimejaa kiasi kwamba mwaka huohuo aliunda Philadelphia Anti-Graffiti Network. Waandishi waliokubali kutia sahihi ahadi ya kuacha walisamehewa wakapewa kazi ya kusafisha kuta. Akaajiriwa Jane Golden, aliyekuwa amechora kuta Los Angeles, aje kuzungumza nao. Alichokikuta ni vijana waliokuwa tayari wanajua kupima ukuta kwa macho, kuchanganya rangi, kupanda juu na kufanya kazi usiku kwa pamoja. Hakuwafundisha kupenda ukuta. Aliwapa mchoro wa kuweka juu yake. Mwaka 1996 shughuli ile ikawa Mural Arts, taasisi ambayo sasa inahesabu zaidi ya kazi 4,000 mjini, na Cornbread mwenyewe, akiwa mtu mzima, alifanya kazi nayo akiwashauri vijana waache kuharibu mali za watu.

Watakaosema kwamba michoro ile ni ya Golden na mameya, si ya Cornbread, wana haki kwa upande wa kazi. Jasho ni lao. Watakaosema kwamba maandishi yale yaliwagharimu wenye nyumba na wenye maduka wasio na hatia wanasema kweli pia, na mwenyewe amekubali hilo kwa matendo yake ya uzeeni. Tarehe haimwandiki mtu ili kumtakasa. Lakini jiulize kwa nini Philadelphia, na si mji mwingine wenye meya mkali na wachoraji hodari, ndiyo iliyopata taasisi iliyozaliwa kutokana na vita dhidi ya majina. Miji mingine ilipiga rangi nyeupe ikafunga kesi. Philadelphia ilikuwa na waandishi wengi mno, wenye ustadi mwingi mno na nasaba ndefu, hata ikawa rahisi kuwaajiri kuliko kuwafukuza. Uwingi ule ulikuwa na chanzo.

Anayetaka ushahidi wa mwisho na apande treni ya juu inayopita Market Street upande wa magharibi. Mwaka 2009 Steve Powers, mzaliwa wa Philadelphia aliyeandika ujanani kwa jina la Espo, alichora pale kuta 50 kati ya barabara ya 45 na ya 63, akishirikiana na Mural Arts, akaziita Love Letter. Zipo usawa wa mapaa, hazisomeki vizuri kutoka chini. Zimewekwa kwa ajili ya dirisha la treni. Herufi ni safi kama za wachoraji wa mabango ya maduka, na maneno ni ya mtu anayempenda mtu, moja baada ya jingine, kituo baada ya kituo. Rangi imelipiwa, wenye majengo wametoa ruhusa, na hakuna aliyekimbizwa na polisi. Lakini maneno ya mapenzi yaliyopangwa njia yote ambayo mpenzi atapita, yakingoja ayaone, hayo ndiyo yaliyoandikwa kwa ajili ya Cynthia mwaka 1967.

Kwa hiyo ombi kwa wote wanaoandika tarehe za fani hii, kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine: msianze na New York mwaka 1971. Anzeni Philadelphia, mwaka 1967, na jina la kwanza mliandike kwa ukamilifu, Darryl McCray, aitwaye Cornbread.